Upinde wa Umeme: Moto Uliopindwa na Hewa

Likawage iko Kilwa ya bara, upande wa mipingo na mashamba ya ufuta, mbali na harufu ya bahari. Nilimkuta fundi kachuchumaa chini ya mwembe, jenereta ikinguruma pembeni, anachomelea keria ya pikipiki iliyovunjika kwa kubeba magunia. Watoto walikuwa wamejipanga kama wako sinema. "Msitazame!" aliwafokea bila kuinua kichwa. "Usiku mtadhani mmetiwa mchanga machoni."

Upande unakotoka upepo alikuwa amesimamisha kipande cha bati. Nilimuuliza bati hilo la nini.

"Upepo, kaka. Upepo unakula moto."

Baadaye aliletewa tela la trekta. Ufa ulikuwa chini ya fremu, ikambidi alale chali kama fundi wa gari na kuchomelea akitazama juu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nimelikuta mara nyingi bila kuliuliza. Chuma kilichoyeyuka, kizito na chekundu kama uji wa moto, kilikuwa kinapanda kutoka kwenye rodi kwenda juu badala ya kudondokea kifuani mwake. Zilianguka cheche tu. Nilimuuliza kwa nini chuma chenyewe hakianguki.

"Moto wenyewe unakisukuma," akasema, na kurudisha miwani usoni.

Katika majibu yake mawili mna historia ya zaidi ya miaka 200. Upepo unakula moto. Moto una msukumo wake. Ule mwanga usiotazamika kwenye ncha ya rodi huitwa upinde wa umeme, na wataalamu wameutumikia tangu mwanzoni mwa karne ya 19 wakishindana na mambo mawili: uzito wa hewa na mwendo wa hewa. Kwanza walihangaika upepo usiwazimie upinde. Kisha wakaufunza upepo huohuo kuushikilia. Mwishoni wakautumia kuuzima. Ni kama pumzi ya mtu jikoni: puliza makaa, yatawaka, puliza kibatari, kitazimika.

Kwa nini uliitwa upinde

Mwaka 1802, mjini St Petersburg, Vasily Petrov aliunganisha maelfu ya sahani za shaba na zinki kuwa betri moja kubwa, akaona mwanga mkali ukiruka kati ya vipande viwili vya mkaa. Aliandika matokeo yake kwa Kirusi mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi wachache nje ya Urusi waliyasoma. Sifa ikaenda London kwa Humphry Davy wa Royal Institution, aliyekuwa na betri ya jozi 2,000 za sahani.

Davy aliviweka vijiti vyake viwili vya mkaa kwa kulala, ncha kwa ncha. Alipovigusanisha na kuvivuta taratibu, mwanga haukukatika. Ulivuka pengo la hewa, na kadiri alivyozidi kuvivuta ndivyo ulivyorefuka hadi kufikia kama sentimita 10. Katika kitabu chake cha mwaka 1812 aliueleza mwanga huo kuwa umepanda juu na kujikunja, mpana katikati, umefungwa kwenye ncha zote mbili. Umbo lilikuwa la upinde, na jina likabaki hivyo katika lugha nyingi za dunia.

Umeme wenyewe haukuwa na sababu ya kupinda. Jawabu liko kwenye moshi wa jiko la mama ntilie. Ndani ya upinde joto hufika maelfu ya nyuzi, kupita uso wa jua. Katika joto hilo atomi za hewa hupoteza baadhi ya elektroni zao, na hewa ambayo kwa kawaida haipitishi umeme hugeuka njia ya umeme. Hali hiyo ya maada, ambayo si yabisi, si kimiminika na si gesi ya kawaida, wanasayansi huiita plazima.

Gesi ikipata moto hutanuka. Kwenye joto la nyuzi 6,000 inakuwa nyepesi mara 20 hivi kuliko hewa tunayovuta. Dunia huvuta hewa baridi kwa nguvu zaidi kwa kuwa ni nzito. Hewa hiyo huteremka, huingia chini ya ile nyepesi na kuinyanyua, kama maji yanavyonyanyua boya lililozamishwa kwa mkono kisha likaachiwa. Ncha za upinde zimeshikwa na vijiti, haziwezi kwenda popote. Katikati hapana kinachozuia. Mtu wa Kilwa anaijua sura hiyo bila kufundishwa: ni tanga la jahazi, ambalo pembe zake zimefungwa kwa kamba na tumbo limefutuka kwa upepo. Tofauti ni kwamba upepo wa Davy ulitoka chini, na uliupuliza upinde kwa sababu upinde wenyewe uliuzalisha.

Basi jina hilo limetokana na nguvu ya uvutano ya dunia. Davy angevisimamisha vijiti vyake wima, moto ungepanda ukifuata kijiti, na pengine leo tungekuwa tunauita mshumaa au nguzo.

Kuna mkono mwingine unaoweza kuupinda. Mwaka 1821 Davy huyohuyo aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu, upinde huhama. Tangu hapo mafundi walijua kwamba upinde una mabwana watatu: uzito wa hewa, mwendo wa hewa, na sumaku. Historia yake yote iliyofuata ni ya kuwapatanisha mabwana hao au kuwagombanisha.

Taa zilizopiga mluzi

Kwa nusu karne upinde ulibaki kioja cha maonyesho, kwa sababu betri zilikuwa ghali. Jenereta zilipoanza kufanya kazi barabara, taa zikafuata. Mwaka 1876 Mrusi aliyekuwa akiishi Paris, Pavel Yablochkov, alisimamisha vijiti viwili vya kaboni sambamba kama watu wawili waliosimama bega kwa bega, akaweka plasta katikati yao. Upinde uliwaka nchani na ukakaa hukohuko nchani, kwa kuwa joto na sumaku ya mkondo wenyewe vyote viliusukuma juu. Vijiti vikaliwa taratibu kama mshumaa. Mwaka 1878 taa hizo zilikuwa zikimulika barabara ya Opéra mjini Paris.

Taa za upinde zilikuwa na ugonjwa mmoja: zilipiga mluzi. Taa ilikuwa ikiwaka kimya, mara inaanza kuzomea, mwanga unatikisika na kushuka. Wahandisi walikuwa na dhana nyingi. Aliyepata jibu ni mwanamke, Hertha Ayrton, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1854 kwa baba mtengeneza saa.

Ayrton alichunguza uso wa kijiti chanya kwa subira. Aliona kwamba upinde unapokuwa mtulivu, ncha ya kijiti huwa na kishimo kidogo cha moto, na mvuke wa kaboni hukifunika kishimo hicho kama mfuniko. Mkondo ukizidi, kishimo hupanuka hadi kufurika ukingo wa kijiti. Hapo hewa hupata mlango, oksijeni inaikuta kaboni ya moto ikiwa uchi, na kuungana kwao ndiko kuzomea. Ili kuondoa shaka aliuziba upinde usipate hewa mpya, na mluzi ukakoma. Mwaka 1899 aliisoma kazi hiyo mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Umeme mjini London, mwanamke wa kwanza kusoma andiko lake mwenyewe pale, na mwaka huohuo akawa mwanachama wa kwanza wa kike. Mwaka 1902 alitoa kitabu kizima kuhusu upinde wa umeme. Royal Society ilikataa kumfanya mwanachama kwa hoja kwamba ni mke wa mtu, lakini mwaka 1906 ilimpa nishani ya Hughes kwa kazi yake ya upinde na ya mawimbi ya mchanga.

Mawimbi ya mchanga ni yale makunyanzi unayoyakanyaga ufukweni maji yakitoka. Ayrton alitaka kujua namna maji yanavyozunguka na kuyachora. Aliyoyajifunza kuhusu mizunguko ya maji aliyahamishia kwenye hewa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alibuni upepeo wa mkono wa kufukuza gesi ya sumu kwenye mahandaki, na zaidi ya 100,000 zilipelekwa kwa askari. Aliyefumbua siri ya pumzi ya upinde alimaliza kwa kuwapa askari upepeo, chombo ambacho kila jiko la mkaa katika pwani yetu linakijua.

Taa za namna hiyo hazikubaki Ulaya. Meli za kivita za enzi hizo zilibeba kurunzi za upinde wa kaboni, na pwani yetu ilikuwa uwanja wa vita. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, jirani na Kilwa, mpaka ilipoangamia Julai 1915. Vita vilipokwisha, upinde ukahamia kwenye burudani. Katika enzi ya majumba kama Royal, sinema iliyofunguliwa Unguja mwaka 1921, mwanga wa projekta ulikuwa wa vijiti vya kaboni vinavyoungua ndani ya sanduku lenye dohani. Mwendeshaji hakuwa na nafasi ya kutazama picha kwa raha. Vijiti vilikuwa vikiliwa, pengo linapanuka, ulimi wa moto unapanda kuelekea dohani; asipovisogeza kwa wakati, picha inafifia na ukumbi unaanza kupiga kelele.

Hata taa za zenoni zilizozirithi zile za kaboni hazikuiepuka nguvu ya uvutano. Katika taa iliyolazwa, gesi ya moto ndani ya balbu hupanda na kuuvuta upinde kuelekea kioo cha juu. Watengenezaji wakaweka sumaku chini ya balbu ili iuvute urudi mahali pake. Davy angefurahi kuona bwana wa tatu akitumwa kumzuia bwana wa kwanza.

Kisulisuli ndani ya bomba

Mafundi wa taa walitaka upinde mfupi na mtulivu. Wenye viwanda walitaka kinyume chake: upinde mrefu, wenye nguvu, ambao gesi nyingi inaweza kupita ndani yake na kutoka ikiwa kitu kingine.

Mwaka 1903 Wanorway wawili, mwanafizikia Kristian Birkeland na mhandisi Sam Eyde, waliuweka upinde kati ya sumaku kubwa hadi ukatandazwa kuwa sahani ya moto yenye sura ya jua. Wakapitisha hewa ndani yake. Katika joto hilo naitrojeni na oksijeni, ambazo hewani huishi pamoja bila kugusana, ziliungana, na mwisho wa safari ikapatikana mbolea. Kiwanda kilifunguliwa Notodden mwaka 1905, na mwaka huo ikaundwa kampuni ya Norsk Hydro.

Wakati huohuo Mjerumani Otto Schönherr wa kampuni ya BASF alikuja na njia nyingine. Aliuweka upinde ndani ya bomba refu na kuingiza hewa kwa ubavu ili izunguke. Watu wa pwani wanakijua kisulisuli, upepo unaozunguka na kubeba majani makavu katikati yake. Ndani ya bomba la Schönherr hewa baridi, nzito, ilitupwa pembeni kwa mzunguko, na katikati ikabaki njia ya gesi nyepesi. Upinde ukatulia humo, mrefu na mnyoofu, hauwezi kufutuka tumbo wala kugusa ukuta. Mzunguko wa gesi ulikuwa umeushinda mvuto wa dunia.

Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii: upepo uliokuwa adui ukawa mlinzi. Miaka ya 1920 Wajerumani Gerdien na Lotz walitumia kisulisuli cha maji badala ya hewa, wakaubana upinde hadi joto lake likapanda kupita lolote lililokuwa limepatikana maabara. Mwaka 1940 kiwanda cha Hüls, Ujerumani, kilianza kuvunja gesi zenye kaboni kwa upinde uliolindwa na mzunguko, ili kupata asetilini. Katika miaka ya 1950 Robert Gage wa Marekani aliubana upinde ndani ya tundu dogo pamoja na gesi inayokimbia, na tochi ya plazima inayokata chuma kama kisu kwenye papai ikazaliwa.

Mbolea ya Norway haikudumu kwa njia hiyo. Upinde ulikula umeme mwingi mno, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 njia ya kutengeneza amonia ya Haber na Bosch ilikuwa imeushinda. Kwa mtu wa Kilwa habari hiyo si ya mbali. Songo Songo, kisiwa cha wilaya hiyo, ndipo kampuni ya AGIP ilipogundua gesi asilia mwaka 1974, na katika miaka ya 1980 palikuwa na mpango wa kuigeuza gesi hiyo kuwa amonia na mbolea hapohapo Kilwa, chini ya kampuni iliyoitwa KILAMCO. Kiwanda hakikujengwa.

Upinde wa viwandani hata hivyo uliwafikia mafundi wetu kwa mlango wa nyuma. Kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo fundi wa bodi za magari huyatia maji ili kupata gesi ya kuchomelea, hutengenezwa kwa chokaa na kaboni katika tanuri la upinde wa umeme. Thomas Willson aliipata kwa njia hiyo huko North Carolina mwaka 1892. Kwa hiyo hata fundi asiye na umeme kabisa, akiwasha tochi yake ya gesi, anatumia moto uliopikwa na upinde.

Vazi la rodi

Tumrudie fundi wa Likawage na bati lake. Kuchomelea kwa upinde kulianza kwa kijiti cha kaboni. Nikolai Benardos, aliyefanya kazi pamoja na Stanisław Olszewski, alipata hataza zake katikati ya miaka ya 1880. Mwaka 1888 Nikolai Slavyanov aliiacha kaboni na kutumia kijiti cha chuma, ambacho kiliwasha upinde na papo hapo kuyeyuka kuwa kiungo. Kazi ilirahisika, lakini viungo vilikuwa vibovu. Chuma cha moto kikikutana na hewa hunywa oksijeni na naitrojeni, na kikipoa huwa na vishimo kama mkate wa kumimina, na kuvunjika kama biskuti.

Oscar Kjellberg alikuwa Msweden aliyetengeneza boila za meli mjini Gothenburg. Boila haigeuzwi, ufa ukiwa juu, unalala chini yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipata wazo la kuivika rodi koti la madini. Koti hilo likiungua hutoa gesi inayoufunika upinde na kuifukuza hewa, kisha huacha ganda linalolinda kiungo kikipoa. Ndilo lile ganda ambalo fundi huligonga kwa nyundo mwishoni, taka taka taka. Mwaka 1904 Kjellberg alianzisha kampuni ya ESAB, ambayo ingali hai.

Je, kwa nini chuma kilipanda kwenda kwenye tela? Mwaka 1955 Mjerumani Heinz Maecker alieleza jambo hilo kwa hesabu. Mkondo mkubwa wa umeme hujizungushia sumaku, na sumaku hiyo huubana upinde, hasa pale ulipo mwembamba karibu na rodi. Gesi ikibanwa huku na kupata nafasi kule, hukimbia. Upinde hujitengenezea upepo wake kutoka rodi kuelekea kazi, na upepo huo unaweza kufikia mita mamia kwa sekunde. Mbele ya tufani kama hiyo, mnyanyuo wa hewa ya moto uliokuwa ukiupinda upinde wa Davy ni kitu kidogo. Msukumo huo ukisaidiana na mshikamano wa uso wa chuma kilichoyeyuka, tone linapanda. Fundi alikuwa ameshanieleza kwa maneno matatu.

Bati lake nalo lina maelezo. Koti la rodi hutoa gesi kidogo, na upepo ukiwa mkali huipeperusha. Kwa mashine zinazotumia gesi ya mtungi shida ni kubwa zaidi. Njia ya kuchomelea chini ya gesi ilipata nguvu viwandani mwaka 1941, Russell Meredith alipotumia heliamu katika kiwanda cha ndege cha Northrop. Heliamu ni nyepesi sana. Inapotoka mdomoni mwa tochi hukimbilia juu, hivyo inabidi uimwage kwa wingi. Agoni, iliyoenea baadaye, ni nzito kuliko hewa kwa zaidi ya theluthi moja, nayo hutua juu ya kiungo kama ukungu wa alfajiri kwenye bonde. Nguvu ya uvutano hapa inafanya kazi ya bure. Lakini Kusi likianza kuvuma ufukweni, si agoni wala heliamu itakayosubiri, ndiyo maana kazi ya nje katika pwani yetu bado ni ya rodi yenye koti.

Gesi ya Songo Songo yenyewe isingefika Dar es Salaam bila moto huu. Bomba lililoanza kuipeleka Ubungo mwaka 2004 lina urefu wa zaidi ya kilomita 200, sehemu yake ikiwa chini ya bahari kabla ya kuingia nchi kavu Somanga. Bomba la namna hiyo hutandazwa vipande kwa vipande, na kila kiungo ni kazi ya upinde. Kufikia mwaka 2015 bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara lilikuwa limepita ukanda huohuo.

Pasipo juu wala chini

Ikiwa upinde unapinda kwa sababu ya uzito, basi pasipo na uzito usipinde. Jambo hilo limejaribiwa. Oktoba 1969, ndani ya chombo cha Kisovieti Soyuz 6, Georgi Shonin na Valery Kubasov waliwasha mtambo ulioitwa Vulkan, kazi ya Taasisi ya Paton ya Kyiv, na kufanya majaribio ya kwanza ya kuchomelea angani. Miongoni mwa njia zilizojaribiwa ulikuwamo upinde wa umeme.

Jaribio la kuvutia zaidi kwa habari yetu lilikuwa la taa. Mwaka 2004 mwanaanga wa Kiholanzi André Kuipers alibeba hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga taa za upinde zenye chumvi za metali, jamaa ya zile zinazomulika viwanja vya mpira. Jaribio hilo, lililoitwa ARGES, lilihusisha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven. Duniani taa ya aina hiyo ikisimamishwa wima inaweza kutoa rangi moja juu na nyingine chini, kwa kuwa gesi inayopanda na kushuka ndani yake huzigawa chumvi bila usawa. Kule juu gesi haina sababu ya kupanda, maana hakuna juu. Wataalamu waliweza kutenganisha kazi ya uzito na kazi ya mambo mengine. Eindhoven walifanya na kinyume chake: walizizungusha taa kwenye mashine hadi zikahisi uzito mara 10 ya ule wa dunia.

Hapa nchini tuna upinde mwingine usiojali uzito, nao hauna uhaba wakati wa masika. Radi ni upinde wa kilomita kadhaa, lakini maisha yake ni sehemu ya sekunde. Hewa yake haipati muda wa kupanda. Ndiyo maana mikunjo ya radi haielekei juu kama ya Davy. Imefuata njia ilizozipata angani, ikafa kabla dunia haijaivuta.

Pumzi inayozima

Umeme ulipoanza kusafirishwa kwa nguvu kubwa, ndipo ilipoonekana hatari ya moto huu usiotaka kufa. Ukiitenganisha swichi ya volti elfu nyingi, umeme haukatiki: upinde huvuka pengo na kuendelea, ukiyeyusha shaba.

Mafundi wa kwanza walimtumia bwana wa kwanza. Walisimamisha pembe mbili za chuma, karibu chini na mbali juu. Upinde ukiwaka chini, joto huunyanyua, nao hupanda ukirefuka hadi unakatika. Wazungumzaji wa lugha nyingi huuita ngazi ya Yakobo, kwa ile ngazi ya kitabu cha Mwanzo. Kisha ikaja swichi ya mafuta, ambamo upinde huyachoma mafuta, mafuta hutoa gesi, na gesi hiyo humpoza aliyeizaa. Zikafuata swichi za hewa iliyobanwa, zinazoupuliza upinde kwa mlipuko. Tangu miaka ya 1950 vituo vikubwa vikaanza kutumia gesi iitwayo sulfa heksafloraidi, nzito mara tano ya hewa na hodari wa kunyakua elektroni. Ubaya wake ni kwamba ikivuja, kila kilo moja huipasha dunia joto zaidi ya kilo 20,000 za kaboni dioksaidi, na ndiyo sababu viwanda sasa vinatafuta mbadala.

Lakini mfano bora kuliko yote unaning'inia kwenye nguzo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo za transfoma zimeingia vijiji ambavyo wazee wao walizaliwa kwa mwanga wa kibatari. Juu ya transfoma, kwenye laini, utaona vibomba vyembamba vilivyoegeshwa kwa mshazari. Hizo ni fyuzi. Ndani ya kila kibomba mmepita waya mwembamba unaokikaza kishikizo cha juu.

Tawi likiangukia laini, au radi ikipiga, waya huyeyuka. Upinde unawaka ndani ya kibomba. Ukuta wa ndani umetengenezwa kwa kitu kinachotoa gesi kikiungua, hivyo upinde unapouramba ukuta, gesi inajaa na kufyatuka kwa mdomo wa chini: paa! Umeme wa gridi yetu hubadili mwelekeo, na kila unapobadili hupita sifuri, mara 100 kwa sekunde. Katika moja ya nukta hizo upinde hukosa nguvu, pumzi ya gesi inaumaliza. Waya umeshakatika, kwa hiyo kishikizo cha juu kinalegea, na kibomba kinaanguka kwa uzito wake na kuning'inia kichwa chini, ili fundi aliye barabarani aone mara moja ni kipi kilichokatika.

Gesi imezima, uzito umeangusha. Vitu viwili vilivyompa Davy upinde wake ndivyo vinavyoulinda mtaa usiungue.

Kwa hiyo ukisikia mlio juu ya nguzo na taa zikazimika, tazama juu ukiwa mbali. Ukiona kibomba kimening'inia, kimefanya kazi yake. Usikirudishe kwa mti wala kwa bomba, na usimruhusu kijana wa mtaani ajaribu ili ufuta usagwe jioni ileile. Piga simu TANESCO, ukasubiri mwenye fimbo yake maalumu na glavu zake.